Mikono ya Kuazima

Jambo moja hakuna aliyemwambia Mwanaidi siku alipoletewa zile glovu: mikono ikishaazimwa, pua ndipo inapowasha. Inawasha kwa makusudi kabisa. Na kujikuna huwezi, kwa sababu mikono iko kazini inamnyonya mtoto makohozi, na wewe mwenyewe umekaa nyuma yake kama mgeni nyumbani kwako.

"Nesi, pua," alisema.

"Vumilia, Mama Baru, tunamalizia," akajibu Nesi Kokushubila kutoka kwenye skrini iliyotundikwa ukutani, juu ya kitanda.

Mwanaidi akavumilia. Mwanawe, Mbaruku, ambaye wote walimwita Baru, alizaliwa na njia ya hewa nyembamba mno, ikabidi atobolewe tundu shingoni apumulie hapo. Ana miaka minne sasa, hana sauti, ana macho ya kuchekea watu. Lile tundu hujaa makohozi usiku na mchana, na yakijaa bila kunyonywa mtoto anakata pumzi. Hospitali yenye wataalamu iko chini bondeni, safari ya nusu siku kutoka Mlalo, hiyo ni pale mvua inapokuwa haijakata barabara. Ndiyo maana Kituo, idara ya hospitali hiyo inayouguza watoto kwa mbali, kikawaletea skrini, mashine ya kunyonya, betri ya sola na glovu.

Glovu zenyewe zilikaa kwenye msumari karibu na dirisha, nyembamba, za rangi ya majivu, ndefu mpaka kiwiko. Kila asubuhi Nesi alikuwa akizijaribu kabla hazijavaliwa, nazo zilijaa pale pale msumarini, vidole vikajikunja na kujikunjua bila mtu ndani. Siku za mwanzo Mwanaidi alikuwa anakimbilia jikoni mpaka zimalize. Binadamu huzoea. Siku hizi aliziangalia huku akipiga mswaki.

Ila jambo moja hakuliacha. Hakuona heshima kukabidhi mikono yake kama mtu anayekabidhi tambara la kudekia. Kila alipozivaa alisema, "Karibu dada, mikono hii hapa." Ndipo ujotojoto ulipoanza kwenye vidole, kisha mtu mwingine akaingia. Ndivyo alivyohisi. Mtu mwingine, mtaratibu, asiye na haraka, anayejua. Mpira wa kunyonyea ulishuka shingoni mwa Baru, ukasita kidogo, ukangoja mtoto akohoe, kisha ukapanda ukizungushwa kwa vidole viwili. Hata daktari aliyekuja kukagua alikiri kwamba hajaona kazi safi kama ile. Mwanaidi alimsifu Nesi Kokushubila kwa majirani mwaka mzima.

Na kazi ikiisha, mikono ilikuwa na kawaida yake. Ilifuta shingo, kisha ikateremka mpaka kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa Baru, ikabana kitu ambacho hakipo, ikapitisha kitanzi, ikakaza fundo. Mguuni hapakuwa na kitu. Baru alishazoea, akawa ananyanyua mguu mwenyewe. Mwanaidi alidhani manesi ndivyo wanavyopima mapigo ya damu.

Siku hiyo pua ilizidi. Akainua macho kwenye skrini amwombe Nesi tena, akamwona amekaa kitini kwake, kikombe cha chai amekishika kwa mikono yote miwili, anakipuliza.

Mwanaidi akatazama kitandani. Mikono yake ilikuwa inauzungusha mpira, polepole, inaupandisha.



"Nesi."

"Naam, Mama Baru."

"Hiyo chai umeishika kwa mikono gani?"

Nesi Kokushubila akaitazama mikono yake mwenyewe. Akaweka kikombe mezani, lakini maji yalishamwagika. Kitandani ile mikono mingine ikafuta shingo ya Baru, ikateremka mguuni, ikafunga fundo lake.

"Hii mikono ya nani?" Mwanaidi akauliza.

"Vua kwanza glovu. Tafadhali."

Akavua. Alizivua kwa meno na magoti, kama mtu aliyepandwa na siafu. Akajikuna pua, akalia, akajikuna tena.

Nesi hakujitetea sana, hilo tumpe haki yake. Alisema yeye kazi yake ni kuangalia. Anafungua njia, anaangalia namba ya hewa kwenye damu ya mtoto, akiona hatari anapiga simu. Mikono haijawahi kuwa yake.

"Hukusema ni yako," Mwanaidi akasema. "Ila nilipokushukuru hukusema si yako."

"Sikusema."

Kila mtoto, akaeleza Nesi, hupewa mikono ya mtu aliyeuguza ugonjwa kama wake akaumudu. Kuiga mwendo wa mkono, mashine inaweza. Kujua lini mkono ungoje, haiwezi, imejaribiwa ikashindwa. Kwa hiyo kungoja kunachukuliwa kwa mtu aliye hai. Anatiwa nyuzi kwenye viganja na vifundo, nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo ndizo zinazozungumza na glovu popote zilipo.

"Yupo hai?"

"Yupo Muheza. Anaitwa Mwanakombo, Mama Saumu."

"Anajua?"

Nesi akasogeza kikombe pembeni. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani, na sauti za watu waliokuwa wanavuna kabichi zilisikika bila wenyewe kuonekana.

"Mikono yake huamka kila yako inapoazimwa," akasema mwishowe. "Kituo kilimwambia mtoto wake akishaondoka nyuzi zitakufa zenyewe. Hazikufa. Na njia yenyewe haifungwi sawasawa, ni kama mlango wa bati, upepo unapita. Ameomba mara nyingi akuone, nami nimekatazwa kukuambia. Sasa umeniuliza."

"Huyo Saumu yuko wapi?"

"Amefariki, Mama Baru."

Mwanaidi akakumbuka kipindi Baru alipopata homa ya mapafu, mikono ikaazimwa kutwa kucha. Mahali fulani Muheza kulikuwa na mwanamke ambaye siku zile hakuweza kujilisha hata tonge. Naye Mwanaidi alikuwa akimkaribisha kwa adabu. Karibu dada.

"Mwambie aje," akasema. Nesi alipoizima skrini tu, Mwanaidi akajuta.

*

Mwanakombo alifika asubuhi ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka. Mwanaidi alisikia hodi, akamwona mama mtu mzima, mwembamba, amesimama kwenye baraza mikono yake imeviringwa pamoja kwa kanga mpaka kwenye viwiko, kama amebeba kitu kichanga.

"Shikamoo, dada." Mwanaidi akanyoosha mkono, ndivyo tulivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Ya mkono tuiache kwanza." Akaangalia ile kanga. "Kila nikitoka huwa naifunga. Siku moja sokoni iliamka ghafla, ikamwendea muuza dagaa shingoni. Yule baba aliacha meza na dagaa wake, mpaka leo akiniona anavuka barabara."

Alicheka kidogo, na Mwanaidi naye akacheka, wakaingia ndani wakiwa wepesi kidogo moyoni.

Baru alikuwa amekaa kitandani ameegemezwa mito. Mtoto huyu hakupenda wageni. Mganga mkuu wa wilaya alipokuja alimrushia kikombe. Lakini Mwanakombo alipopita mlangoni, Baru alimtazama, kisha akanyanyua mguu wake wa kushoto, akaushikilia hewani.

Yule mama akageukia ukuta. Mabega yalimtikisika muda, na Mwanaidi hakujua amguse au amwache. Akamwacha.

"Ni shanga," Mwanakombo akasema alipopata sauti. Akasogeza kanga kwa kidevu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na uzi wa shanga za buluu, mdogo, umembana. "Saumu alikuwa anazivaa mguu wa kushoto. Fundo lilikuwa halikai. Kila nikimaliza kumnyonya nalifunga upya, naye ananyanyua mguu. Huyu wako amejuaje?"

"Umemfundisha wewe," Mwanaidi akajibu. 

Walikunywa chai ya tangawizi. Mwanakombo hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Kwao, alisema, mtu akifiwa, mikeka hutandikwa na ndugu hukaa nao, kisha huja siku ya kuanua matanga. Dua inasomwa, mikeka inakunjwa, mfiwa anaoga, anarudi kwa watu. Yeye wamemwanulia matanga zaidi ya mara moja, na kila mara, dua ikiwa katikati, mikono iliyonyanyuliwa kuomba iliteremka na kuanza kumnyonya mtoto asiyekuwepo, mbele ya watu wote. Ikamaliza, ikafunga shanga. Wazee wakasema mtoto hajaondoka, mikeka isikunjwe.

"Mpaka leo imetandikwa," akasema. "Mume wangu amechoka kuiruka, kahamia kwa dada yake. Ndugu nao wanaogopa kunipa mtoto nimpakate. Mimi nimezika, mwanangu, lakini mikono yangu haijazika."

"Si ukatolewe hizo nyuzi?"

"Kituo kinasema hazitolewi mpaka mama wa mtoto aliye upande wa pili aseme ametosheka. Aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Mikono mingine ya kukufaa itatafutwa, itachukua miezi, pengine isipatikane." Akanywa chai, kikombe amekibana kati ya mafundo ya kanga. "Ningekwenda kwa daktari wa pembeni anitoe kimyakimya. Ila kitu ulichoazima mtu, hukinyakui mkononi mwake. Unamwendea kwake, unamwomba."

Mwanaidi akasema neno moja tu. "Siwezi."

Akamweleza sababu. Kabla ya glovu, walipokuwa bado hospitalini, walimfundisha kunyonya, akajaribu. Mtoto alibadilika rangi mbele yake, naye akaganda, mpira mkononi, mpaka nesi wa zamu aliposukuma watu akaingia. Tangu siku hiyo hajawahi kumgusa Baru shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Hata kumfuta jasho hapo aliogopa.

Baba Baru, aliyekuwa amekaa kizingitini akisikiliza huku anajidai anatengeneza pampu ya dawa za mboga, naye akasema lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba.

"Mama, utanisamehe. Wewe umeshafiwa. Sisi bado."

 Mwanakombo alitazama majani ya chai chini ya kikombe, akatikisa kichwa polepole, na Mwanaidi hakujua kama anakubali au anakataa.

"Sawa," akasema. "Basi nipe siku mbili tatu hapa kwako. Nikufundishe kwa mdomo. Ukishindwa, nitarudi kwenye mikeka yangu, na sitakulaumu."

*

Alimfundisha akiwa amefungwa kanga, amekaa nyuma yake kwenye kigoda, karibu kiasi kwamba Mwanaidi alihisi pumzi yake sikioni.

"Unamwangalia usoni. Usimwangalie usoni. Uso utakutisha, mpira hautakutisha."

"Nasikia."

"Husikii, bado unamwangalia. Macho kwenye mpira. Ukifika kwenye alama ya mpira, simama. Sasa ngoja."

"Ningoje nini?"

"Akukoholee. Kohozi halifukuzwi. Utalingoja mlangoni, litakuja lenyewe."

Mara ya kwanza Mwanaidi alitetemeka mpaka mpira ukaanguka sakafuni. Nesi Kokushubila, aliyekuwa akiangalia bila kusema, akaleta mdomo karibu na skrini kisha akaufunga. Wakatia mpira mwingine. Mara nyingine alipatia nusu, akaishia kuvaa glovu, na ilikuwa ajabu iliyompotezea usingizi: kwenye kigoda nyuma yake ile kanga ikaanza kufurukuta, na mbele yake mikono yake mwenyewe ikafanya kazi kwa utulivu, na mwenye mikono akawa anatazama pembeni, midomo imekaza, kama mtu anayengoja sindano itoke. Fundo lilipofungwa kwenye mguu wa Baru, ndani ya kanga nako lilifungwa.

"Inauma?" Mwanaidi akauliza.

"Haiumi. Namsikia. Huyu mwanao ana shingo nene kuliko ya Saumu. Kila mara, kwa nukta moja hivi, nasahau si yeye." Akaikaza kanga kwa meno. "Hiyo nukta ndiyo inayouma."

Kesho yake Mwanaidi alimnyonya Baru peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa safi. Mtoto alilia bila sauti, mama akalia kwa sauti. Lakini makohozi yalitoka, midomo ya Baru ikabaki na rangi yake.

Akasimama mbele ya skrini, akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Nesi, nimetosheka."

Uongo haukuwa, ukweli mtupu nao haukuwa. Baba Baru akatoka nje, akaenda kusimama kwenye kabichi zake.

"Mafundi watamtoa nyuzi Jumatatu," Nesi akasema. "Mpaka hapo glovu bado zinafanya kazi."

"Ijumaa wananisomea dua, baada ya sala ya mchana," Mwanakombo akamwambia Mwanaidi barazani, akiaga. "Nyuzi zitakuwa bado zimo. Sikuombi kitu kingine. Saa ile ya dua, usiniite."

"Sitakuita."

"Hizi shanga nitazifungua hapo, mikeka ikikunjwa." Akashuka na kilima. Ukungu ulimla kuanzia miguuni.

*

Ijumaa ukungu ulishuka mzito tangu asubuhi, ukaingia mpaka ndani, nguo zilizoanikwa juu ya jiko zikakataa kukauka. Mwanaidi alimnyonya Baru mapema na kwa uangalifu. Akajiambia atakaa vizuri mpaka alasiri. Adhana ya mchana ilisikika kutoka bonde la pili. Watu wakasali, wakatoka, kijiji kikawa kimya.

Hapo ndipo Baru alipokohoa mara moja, akafungua mdomo, na kikohozi cha pili hakikutoka.

Kipima hewa kilichobanwa kidoleni kikaanza kulia. Mwanaidi akawasha mashine, akashika mpira, akashuka nao mpaka kwenye alama. Akangoja. Hakuna kikohozi. Kohozi lilikuwa limekauka na kuganda, limeziba kama kizibo. Akapandisha mpira mtupu. Midomo ya Baru ikaanza kugeuka zambarau, naye Mwanaidi akafanya lile alilokatazwa. Akamwangalia usoni.

Mikono ikaganda.

"Mama Baru, namba inashuka," Nesi Kokushubila akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Vaa. Nafungua njia."

"Leo hapana. Kule wanasoma dua."

"Najua. Vaa."

Baba Baru alikuwa tayari amezing'oa glovu msumarini. "Vaa, mke wangu. Nakuomba. Atatusamehe. Ni mzazi, atatusamehe."

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililokuwa baya. Mwanakombo angesamehe. Angeteremsha mikono yake mbele ya ndugu, angemwokoa mtoto wa watu, kisha angerudi kukaa juu ya mikeka yake mpaka afe, na asingelaumu mtu.

Mwanaidi akatia mkono wa kulia ndani ya glovu, mpaka kwenye kifundo.

Ilikuwa na joto. Njia haikuwa imefunguliwa, lakini Nesi alishasema, upepo unapita. Humo ndani kulikuwa na mkono wa mtu. Haukufanya kazi yoyote. Ulikuwa umetulia, kiganja kimeelekea juu, vidole vimekaribiana. Mkono wa mtu anayeomba. Ulitetemeka kidogo, kama unaojua kwamba umeguswa, nao haukushuka. Ulingoja.

Akautoa wake.

"Tundika," akamwambia mumewe.

"Mwanaidi—"

"Tundika, kisha nishikie kichwa chake. Nesi, usifungue njia."

Akachukua bomba la sindano lenye maji ya chumvi, akatia matone kwenye tundu la shingoni yalainishe kohozi, kama walivyofundishwa zamani hospitalini, akashusha mpira. Macho kwenye mpira. Uso ulikuwepo pembeni, unamwita, asiuitikie. Mpaka kwenye alama. Simama. Ngoja. Kipima hewa kinapiga kelele, mume anasoma kila aya anayoijua, na yeye anangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko uchungu wa kumzaa mtoto huyu. Kisha kifua cha Baru kikajikunja, kikohozi kikaja kutoka chini kabisa, kile kizibo kikasogea, kikagusa mpira. Akauzungusha kwa vidole viwili. Akaupandisha, polepole, wala hakuharakisha.

Hewa ikaingia kwa mlio kama wa mtu anayenyonya muwa.

Baba Baru akakaa chini sakafuni. Nesi Kokushubila alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Namba ikapanda, ikapanda tena, ile kelele ikakoma, na mwanamke aliyeshika mpira akagundua kwamba hatetemeki. Akamfuta Baru shingo kwa kitambaa cha maji ya moto. Mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo, mama yake alimfuta hapo bila woga.

Baru, macho bado mekundu, akanyanyua mguu wa kushoto, akaushikilia hewani.

Mwanaidi akautazama.  Alikuwa karibu kuushusha kwa mkono aliposikia kitu kikikwaruza dirishani.

Glovu zilikuwa zimejaa kwenye msumari. Hakuna aliyefungua njia. Nesi alikuwa ameinua viganja vyake vyote viwili, ionekane hajagusa kitu. Zilijaa polepole, vidole vikakaribiana, kama kila siku mwisho wa kazi. Ya kulia ikakiendea kifundo cha ile ya kushoto, ikabana kitu ambacho hakipo.

Mwaka mzima ilikuwa inafunga. Mwanaidi aliujua mwendo ule kuliko anavyojua kusuka nywele zake: kubana, kitanzi, kukaza. Safari hii vidole vilikwenda kinyume. Vililegeza fundo. Vikavuta uzi ukatoka. Vikabaki wazi kidogo, kana kwamba vinapima uzito wa kitu chepesi, kisha glovu zikanywea, zikaning'inia, zikawa kitambaa.

Kitandani, Baru akashusha mguu.

"Nenda salama, dada," Mwanaidi akasema.

Akazitoa glovu msumarini, zilikuwa zimepoa, akazikunja moja juu ya nyingine kama mtu anayekunja mkeka. Kisha akaenda kuosha mpira, kwa sababu alasiri ingefika na mtoto angehitaji kunyonywa tena.